Mboni Mbili Sawasawa

Jumapili ile, saa sita za mchana, nilimketisha Guelord kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ukumbi wa ndondi, nikamwinua kidevu, nikamtia tone la atropini jicho la kulia na tone jingine jicho la kushoto. Nimekuwa nesi wa macho miaka ishirini na sita. Macho niliyoyatia dawa ni mengi kuliko matonge ya bukari niliyokula.

"Usifunge macho," nikamwambia. "Itachoma kidogo."

"Mama mudogo, Ruben iko nakuya kunivunja meno leo, na we unanihurumia juu ya tone?"

Akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na kila kitu kilimchekesha.

Nieleze mwenyewe, maana watu wa Kenya wameshaisimulia habari hii kila mmoja kwa mdomo wake, na wengi wao ni waongo. Kenya ninayosema ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, yenye soko, gereji, na kanisa kila baada ya nyumba tatu. Mimi ni Simone. Guelord ni mtoto wa dada yangu mkubwa, Jeanne, ambaye huuza samaki na ambaye maisha yake yote ni barabara ya Kasenga, kwenda na kurudi. Mtoto alipofikisha miaka sita aliniletea, akasema asome mjini. Mimi sikujaliwa kuzaa. Nilimpokea kama mtu aliyefunga siku nyingi anavyopokea chakula, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba si wangu.

Sasa habari ya matone. Wiki tatu kabla, mazoezini, kidole gumba cha glovu kilimwingia Guelord jicho la kulia. Mboni ya jicho hilo ikafunguka, ikakataa kurudi. Nilimpima mwenyewe. Kope lilisimama vizuri, jicho lilizunguka pande zote, herufi alisoma hadi mstari wa mwisho. Kilichochanika ni kale kamsuli kembamba kanakoizunguka mboni. Lilikuwa jambo la jicho, si la ubongo. Nilikuwa sahihi, na hadi leo nasema nilikuwa sahihi.

Lakini kanuni ya shirikisho haijui mambo ya kamsuli. Inasema mboni zisipolingana, bondia hapandi ulingoni. Na kanuni hiyo ina akili. Mwanga ukiingia jichoni, habari husafiri hadi katikati ya ubongo, na amri ya kuifunga mboni hurudi kwa neva moja, ile ya tatu. Neva hiyohiyo ndiyo inayonyanyua kope la juu, na ndiyo inayolivuta jicho kuelekea puani. Damu ikivuja ndani ya fuvu, ubongo husukumwa chini, na neva hiyo hubanwa kama kidole mlangoni. Mboni ya upande ule hufunguka na kubaki wazi. Ndiyo maana yeyote anayewashughulikia mabondia huanza na tochi.

Haya yote niliyajua. Ila mshindi wa Jumapili ile alikuwa anakwenda Kinshasa kwenye mashindano ya taifa, na Rigobert hakunipa nafasi ya kupumua. Rigobert ni baba mdogo wa Guelord, na ndiye mwalimu wa klabu yake ya ndondi.

"Mama Simone, we njo fundi ya macho," aliniambia. "Sawazisha tu. Macho mbili sawasawa, docteur apite, basi tuko Kinshasa."

Mboni mbovu sikuweza kuipunguza. Kamsuli kalikochanika hakasikii dawa. Basi nikaona niikuze ile nzima. Meza ikiwa na mguu mmoja mfupi, fundi mvivu hukata ile mitatu mingine. Kichupa nilikitoa kwenye kabati la dispensari ninakofanya kazi, Kampemba, bila kumwomba mtu.

Saa nane daktari wa shirikisho akapita na tochi ya simu yake. Kulia, kushoto, sekunde mbili. Mboni zilikuwa kubwa zote, nyeusi, sawasawa.

"Uko naogopa?" akamwuliza Guelord.

"Apana, docteur."

"Macho yako inasema ndiyo." Akatia sahihi, akahamia kwa mwingine.

Rigobert akanikonyeza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mwerevu.

Jeanne aliingia dakika chache baadaye, moja kwa moja kutoka barabarani, kitenge kinanuka samaki. Hakuwahi kumwona mwanawe akipigana. Alikaa safu ya mbele, rozari mkononi, akaniambia, "Mudogo yangu, umuchunge mu ile kona. Mi natumaina we tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto yuko mikononi mwangu.

Ulingo wa ukumbi ule ni mbao zilizotandikwa mkeka mwembamba, na juu yake zinaning'inia taa nne kubwa. Zilipowashwa, nilimwona Guelord akiinua glovu kujikinga uso. Mboni iliyofunguliwa kwa dawa haiwezi kujifunga mbele ya mwanga. Nilikuwa nimempandisha mtoto jukwaani na madirisha mawili yasiyo na pazia. Fundi wa macho mzima nilikuwa nimesahau taa!

Ruben, kijana wa Kampemba, ni mfupi, anatumia mkono wa kushoto, na anapiga kama mtu anayetwanga muhogo, bila haraka na bila huruma. Guelord alikuwa anakodoa, anapepesa, anatupa ngumi mahali ambapo Ruben amekwisha kuondoka. Rigobert alianza kupiga mbao kwa kiganja: "Kope! Kope!"

Hiyo ndiyo mbinu yake maarufu. Huwasimamisha wanafunzi ukutani, akawachapa hewa mbele ya macho kwa taulo la maji, na kila anayepepesa anakula kofi. Bondia akifunga jicho, anasema, anamfungulia mwizi mlango. Mara nyingi tulibishana. Nilimwambia kuna kupepesa kwa aina mbili. Kupepesa kwa kuona kitu kinakuja kunapitia ubongo wa juu, unaoona na kufikiri, na huko unaweza kumfundisha mtu kwa makofi ukitaka. Lakini ukiligusa jicho lenyewe, habari inakata njia fupi chini kabisa, kwenye shina la ubongo, na kope linafunga kabla mwenye jicho hajajua. Hiyo hakuna mwalimu wa kuifuta. Rigobert alicheka, akasema shule imeniharibu.

Siku ile Guelord alipepesa kwa sababu ya taa, na Ruben aliziona kope zikishuka. Ngumi ya kushoto ilitoka chini, ikampata juu ya sikio la kulia. Guelord alianguka kama gunia lililokatwa kamba, na kichwa kikagonga mbao palepale ngumi ilipogonga. Jeanne alipiga kelele. Mwamuzi akahesabu hadi sita, Guelord akasimama, akatikisa kichwa, akainua mikono.

Raundi ya pili alipigana kama mtu aliyetukanwa. Alimkamata Ruben kwenye kamba, akamchana mdomo, damu ikaruka hadi kwenye shati jeupe la mwamuzi. Alimpiga mbavu mara nne mfululizo, na Ruben akatoa sauti ya mbuzi. Ukumbi mzima wa Kenya ulisimama juu ya viti. Hata mimi nilisimama. Nilipiga kelele, "Muvunje!" Sitakana. Damu ya mtoto wa watu ilikuwa inadondoka na mimi nilifurahi.

Kengele ikalia. Guelord akageuka, akaenda kona ya Ruben, akataka kuketi.

Watu walicheka. Rigobert alimvuta kwa mkono hadi kwetu. Nilipomtazama uso nikaona kope la jicho la kulia limeshuka hadi nusu.

"Amevimba," akasema Rigobert, akimmwagia maji.

Nililibonyeza kope kwa kidole. Halikuwa limevimba. Lilikuwa laini, limelegea tu, kama la mtu anayesinzia. Nikawasha tochi. Jicho la kulia, mboni wazi, haisogei. Jicho la kushoto, mboni wazi, haisogei. Bila shaka hazisogei! Mimi mwenyewe nilikuwa nimezifunga kamba. Kitu cha kwanza ambacho mboni ingeniambia, nilikuwa nimekiziba kwa mikono yangu miwili.

Nikainua kidole. "Guelord, fuata hii kidole."

Nikakipeleka kushoto kwake. Jicho la kushoto likafuata. La kulia lilifika katikati likakwama, halikutaka kwenda upande wa pua. Nikarudia. Likakwama tena.

"Mama mudogo," akasema taratibu, "juu ya nini muko wawili?"

Nilijua. Nataka jambo hili lieleweke vizuri: nilijua. Matone hufungua mboni, basi. Hayashushi kope wala hayalizuii jicho kugeuka. Hii ilikuwa neva ya tatu, na kuibana neva ya tatu kunahitaji damu. Nikanyakua taulo jeupe nilitupe ulingoni.

Rigobert alinikamata kifundo cha mkono, akakizungusha hadi mfupa ukalia. "Unafanya nini?"

"Iko navuja damu mu kichwa! Simamisha!"

"Ukitupa, docteur atakuya kumuangalia macho. Utamwambia nini? Ile kichupa ulitoa wapi? Sema, utamwambia nini?"

Nikafikiri. Hiyo ndiyo dhambi yangu, kwamba nilikaa nikafikiri. Nikaona mkuu wa dispensari akifungua kabati. Nikaona watu wa mtaani wakisema, Simone yule yule, mjuaji. Nikajiambia ni dakika tatu tu, labda atacheza kwa mbali, labda nimekosea. Sekunde kumi hazikupita, kengele ikalia, na Rigobert akamsukuma mtoto kwa mgongo. Taulo lilibaki mkononi mwangu.

Ruben alikuja na mkono wa kulia, na Guelord hakupepesa. Alikuja na wa kushoto, na Guelord hakuinua glovu. Ngumi ya tatu ilimkuta amesimama tu, mikono chini, jicho moja likitazama mbele na jingine likitazama pembeni. Alianguka kifudifudi. Miguu yake ilinyooka, ikatetemeka, ikatulia.

Watu wa Kampemba walishangilia. Watu wa Kenya wakasema Ruben ameweka chuma ndani ya glovu. Chupa ya kwanza ilipasuka kwenye nguzo, ya pili kwenye kichwa cha mtu, na kisha viti vikaanza kuruka. Nilimwona mwanaume akimng'ata mwenzake sikio. Nilimwona Ruben, mshindi, akipigwa teke la tumbo na mtu mwenye umri wa babu yake. Sisi tulimbeba Guelord kwenye mbao ya meza katikati ya vita ile, mimi nikikishikilia kichwa chake kisitikisike, na kila hatua ngumi ya mtu ilinipata begani, shingoni, mgongoni. Kiti kilimpasua Jeanne kipaji cha uso. Hakugeuka hata kumtazama aliyempiga. Alikuwa anatembea kando ya mbao, ameshika glovu ya mwanawe, damu inamwingia machoni, anaita jina lake.

Tulipata teksi-basi, tukawashusha abiria kwa matusi, tukafika hospitali. Sitaitaja, maana pale hakuna aliyekosa ila mimi.

Daktari wa zamu aliitwa Mapalo, kijana mwembamba aliyekuwa hajalala. Alifanya kila kitu upesi na vizuri. Alimminya Guelord kucha, alimminya juu ya nyusi, hakuna jibu. Akamfungua kope, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto. Akarudia. Akatoka kumpigia simu daktari wa upasuaji, na kupitia mlango ulio wazi nilisikia swali moja likiulizwa upande wa pili, kisha jibu la Mapalo: "Zote mbili. Wazi kabisa. Hazijibu."

Alirudi, akamwendea Jeanne.

"Mama, pole. Pupilles zote mbili zinafunguka, hazijibu ku mwangaza. Ubongo inaisha. Chirurgien hawezi kufungua kichwa ya muntu wa vile. Tutamuacha apumuzike."

Jeanne hakulia kwanza. Alikaa sakafuni, akaivua glovu ya Guelord, akaanza kumfungua bendeji ya mkono taratibu, mzunguko kwa mzunguko, kama mama anayemvua mtoto nepi. Ilipokwisha, ndipo sauti ilipomtoka. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na misiba nimehudhuria.

Mimi nilisimama ukutani. Mboni mbili sawasawa. Daktari wa mchana alizisoma akaona uoga, na wa jioni akazisoma akaona kifo. Wote wawili walikuwa wanasoma mwandiko wangu.

Rigobert alinisogelea, akanibana kiwiko. "Funga kinywa," akanong'ona. "Docteur anasema anakufa. Haitamurudisha. Itatupeleka mu buloko ya polisi, we na mi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mara ngapi nimewaambia wagonjwa wangu hivyo, wale wanaokuja jicho limekwisha kuoza! Nilimtazama dada yangu pale chini. Nilijua nikisema, nitampoteza. Nilijua nikinyamaza, atampoteza Guelord, na hatajua kamwe kwa nini, na ataendelea kunipenda. Nikaogopa kupendwa hivyo kuliko kupigwa.

"Docteur," nikasema, "ile macho ni mi."

"Nini?"

"Mi njo nilimutia atropine. Saa sita. Mu macho yote mbi—"

Kofi la Rigobert lilinipata mdomoni kabla sijamaliza. Nikasikia jino likitoka mahali pake. Nikaendelea kusema, damu inanitoka na maneno. "Mboni hazijibu juu ya dawa. Usizisikilize! Hata mungemulika jua, hazitasogea. Uliza vitu vingine, vile sikugusa!"

Ngumi ya pili ilinilaza juu ya ndoo. Mlinzi akamdaka Rigobert kwa nyuma. Mapalo alinitazama kwa chuki ambayo sijaisahau, lakini ni daktari. Mikono yake ilikwisha kuanza kutafuta. Akachomoa uzi wa pamba, akausokota ncha. Akamfungua Guelord jicho la kushoto, akaigusa kwa ile ncha sehemu nyeusi ya jicho, polepole kama anayefuta vumbi.

Kope likafunga.

Akagusa la kulia. Likafunga.

"Shina ya ubongo iko nasikia," akasema, lakini alikuwa anajisemea mwenyewe. Kisha: "Maji ya baridi! Upesi!"

Nilielewa anachotaka kabla nesi wake hajaelewa. Maji baridi yakimwagwa sikioni humdanganya mtu kwamba kichwa chake kinageuka, na shina la ubongo, likiwa hai, huyavuta macho upande wa sikio lile hata kama mwenyewe hana fahamu. Kipimo hicho hufanywa pia kwa kugeuza kichwa, lakini shingo huenda ilikuwa imevunjika. Maji yalikuwa njia ya salama. Nesi akaleta chupa kutoka kwenye friji ya dawa. Mapalo akachungulia masikio kwanza, akajaza bomba la sindano, akamwaga sikio la kushoto huku nimemshikia Guelord kope kwa vidole vyangu vyenye damu.

Tulisubiri. Nilihesabu hadi ishirini na tatu. Jicho la kushoto likaanza kutembea, taratibu, kuelekea kwenye sikio lililomwagiwa maji, likakaa huko. La kulia lilibaki limekwama.

Akamwaga sikio la kulia. Jicho la kulia likasogea nje, kuelekea sikio la kulia.

"Kwenda inje inaweza," nikasema. "Kurudia ku pua njo haiwezi. Ni neva ya tatu, docteur. Ya kulia. Damu iko kulia, hapa." Nikaonyesha juu ya sikio, pale ngumi na mbao vilipokutana.

Mapalo alikuwa tayari ana simu sikioni. Safari hii hakutoka nje. Alisema kwa sauti ya mtu anayeamuru aliyemzidi cheo: Kijana yuko hai. Damu upande wa kulia. Mboni zilitiwa dawa. Kuya sasa hivi.

Baada ya dakika ishirini walimpitisha mbele yetu kwenye machela, amenyolewa upande mmoja, wakaingia naye, na mlango ukafungwa.

Hapo mlinzi alimwachia Rigobert. Labda alichoka, labda alisikia vya kutosha akaona nastahili. Rigobert alinipiga palepale kwenye korido mbele ya wagonjwa na mama zao. Alinipiga kama alivyowafundisha vijana wake, tumbo kwanza ili mikono ishuke, kisha uso. Nilisikia ubavu ukilia. Jicho langu la kushoto likafumba. Kila ngumi alisema, "Umetuuza! Umetuuza!" Hakuna hata mara moja aliposema kwamba nimemuua mtoto. Nilikuwa natema damu na bado nilikuwa na hasira ya kutosha kuliona hilo.

"Acha," akasema Jeanne.

Rigobert aliacha. Jeanne alisimama, damu imemkaukia usoni, bendeji ya mwanawe ameizungusha kwenye ngumi yake. Nilidhani amenihurumia. Nilinyoosha mkono, nikamwita kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya—"

"Nakuuliza kitu moja tu. Kabla ya raundi ya tatu. Ulimuonyesha kidole, nilikuona. Ulishika taulo, nilikuona. Ulijua?"

Rigobert aliinamisha kichwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, ila yeye na mimi. Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Hata daktari angenitetea. Nani anaweza kupima mtu vizuri kwa sekunde sitini, katika kelele zile?

"Nilijua," nikasema.

Jeanne hakunipiga. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo anipige. Alirudi kwenye benchi, akanipa mgongo, na kwa saa tatu nzima hakugeuka.

Daktari wa upasuaji alitoka na kofia yake mkononi. Damu ilikuwa palepale, upande wa kulia, bonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ameitoa. Kijana anapumua. Angechelewa nusu saa zaidi, alisema, wasingekuwa na la kufanya. Jeanne alipiga magoti, akashika miguu yake. Mimi nililia kwa jicho moja, lile lililokuwa linafunguka.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa dispensari, nikamwekea kichupa mezani. Alinifukuza kabla sijaketi. Rigobert alilala buloko siku mbili, akatoka, na klabu yake iko wazi mpaka leo. Mimi nilirudi hospitali kila siku, nikawa nakaa kwenye ngazi za nje. Nesi wa zamu, msichana mmoja aitwaye Keren, ndiye aliyekuwa ananiletea habari. Mboni ya kushoto imeanza kujibu. Amesogeza vidole. Kope la kulia bado liko chini.

Siku ya sita Keren alishuka mbio. "Mama, anaamka! Anasema!"

Nilipanda zile ngazi nikishikilia ubavu. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, haukufungwa sawasawa. Nilishika kitasa. Ndani nilisikia kijiko kikigonga bakuli, kisha sauti yake, nzito, ya mtu anayetafuta ulimi wake.

"Mama mudogo iko wapi?"

Kijiko kikatulia.

"Alikufa, mutoto yangu," akasema Jeanne. "Ku ile vita ya mu ukumbi. Chupa ilimupiga ku kichwa. Tulimuzika jana."

Halafu nikamsikia Guelord akianza kulia, kwa kwikwi ndogo ndogo, kama alivyolia akiwa na miaka sita, siku Jeanne alipomwacha kwangu na kupanda gari la Kasenga. Siku ile nilimbeba mgongoni hadi usiku ndipo akanyamaza. Sasa nilikuwa hatua nne kutoka kitandani kwake, mzima, na mkono wangu uko kwenye kitasa.

Niliuachia mlango, nikashuka.